Bata wa Nyumbani na Mpunga wa Jirani

Mara nyingi tumezungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Leo ni zamu ya ndege ambaye watu wengi humwona akipita uani lakini hawamfikirii sana, naye ni bata. Maneno yetu yanawahusu hasa wakulima wa Mombo na vijiji vya bondeni chini ya milima ya Usambara, pale ambapo maji ya Mto Soni yakishateremka kutoka mlimani huingia katika mifereji na kumwagilia mpunga. Lakini hata wewe uliye Soni, Lushoto, Korogwe au kwingineko, usizime redio. Bata ni bata, na mengi ya leo yatakufaa.

Jambo lililotufanya tuchague habari hii ni barua. Mama mmoja wa Mombo ametuandikia kwamba binti yake wa darasa la tano ana bata sita. Amewalea tangu wakiwa vifaranga, amewapa majina, na jioni akiwaita wanakuja mbio mstari mmoja. Taabu ni kwamba bata hao wameingia mara mbili katika kitalu cha mpunga cha jirani. Jirani amesema wakiingia mara ya tatu ataweka sumu. Mama anauliza: "Je, niwauze bata kabla hatujakosana na jirani, au kuna njia nyingine?"

Swali hili ni zito, maana ndani yake mna mpunga wa mtu, mna upendo wa mtoto, tena mna neno sumu. Tutalijibu. Lakini kwanza yafaa tumfahamu bata mwenyewe, kwa sababu aghalabu ugomvi wa namna hii hutokana na mtu kufuga mnyama asiyemjua tabia.

Bata wanaoonekana katika vijiji vyetu wengi ni wale wazito, wenye ngozi nyekundu yenye vinundu kuzunguka macho. Tunawaita bata wa kienyeji, ingawa asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Hawa hawapigi kelele: dume hutoa sauti kama ya pumzi tu. Jike wake ni mlezi hodari, huatamia mayai yake mwenyewe kwa siku 35 hivi, na anaweza kuruka akapita juu ya ua.

Aina ya pili ni bata mwembamba, mrefu wa shingo, anayesimama wima mfano wa chupa. Huyu hatembei kwa kuyumbayumba kama wenzake, bali hukimbia, ndiyo maana tunaweza kumwita bata mkimbiaji. Kwao ni visiwa vya Indonesia, kama vile Java, Bali na Lombok. Mwingereza mmoja, Alfred Russel Wallace, alifika Lombok mwaka 1856, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1869 alieleza jinsi bata wa huko wanavyotembea wima. Kule wachungaji wamezoea kuwaswaga bata hawa asubuhi kwenda kwenye majaruba ya mpunga na kuwarudisha jioni, kama sisi tunavyochunga mbuzi. Kwa hiyo bata mkimbiaji na mpunga ni marafiki wa siku nyingi.

Aina hii haipatikani kila kijiji. Ukiipata, fahamu mambo matatu. Kwanza, hawezi kuruka kwa kweli, kwa hiyo ua wa kimo cha kiunoni unamtosha. Pili, ni mtagaji mzuri: akitunzwa sawasawa anaweza kutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Tatu, jike wake si mlezi. Hutaga, halafu huenda zake. Ukitaka vifaranga itakubidi umtafutie kuku au bata wa kienyeji amwatamilie. Mayai ya bata mkimbiaji huanguliwa kwa siku 28, siyo 21 kama ya kuku. Basi kuku mmoja mpe mayai matano hadi saba tu, maana ni makubwa, na siku za mwisho yanyunyizie maji ya uvuguvugu kidogo, kwa kuwa kuku haji na maji kifuani kama afanyavyo bata aliyetoka kuoga. Kuku huyo usimsahau kwa chakula na maji. Umemwongezea kazi ya juma zima.

Sasa tuje kwenye malezi ya vifaranga. Hapa ndipo wengi hupoteza.

Kifaranga cha bata kinataka joto. Juma la kwanza joto liwe kama nyuzi 32, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Kama huna kipimajoto, vifaranga wenyewe ni kipimo. Ukiwakuta wamerundikana mahali pamoja wakilia, wanaona baridi. Ukiwakuta wametawanyika kando wakihema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakiwa wamelala huku na huku kwa raha, hapo umepatia. Mombo ni mahali pa joto, kwa hiyo mchana mara nyingi hutahitaji moto. Usiku ndiyo uangalie. Ndugu wa Lushoto, ninyi mwezi wa Juni na Julai mnajua baridi yenu, basi muda wa kuwapa joto uwe mrefu zaidi. Ukitumia jiko la mkaa, liwekee uzio na uache nafasi ya hewa kupita. Moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua vifaranga, huua na watu.

Jambo la pili ni maji. Watu husema, "Huyu ni bata, mtie majini." La, ndugu yangu! Kifaranga aliyeanguliwa na mama yake hupata mafuta ya manyoya kutoka kwa mama. Kifaranga aliyelelewa na kuku au ndani ya boksi hana mafuta hayo ya kutosha. Ukimtia katika beseni la maji marefu analowa, anapoa, anazama. Mpe maji katika sahani pana isiyo na kina, na weka kokoto ndani yake ili anywe bila kuingia mwili mzima. Lakini maji yasiwe machache mno, maana bata hana budi kuchovya mdomo mpaka puani apate kujisafisha. Pua zikiziba na macho yakikauka, maradhi huingia. Na kila unapompa chakula, maji yawe karibu. Bata akila pumba kavu bila maji anaweza kukabwa.

Bata mkubwa naye si lazima awe na bwawa. Karai au beseni la kumwezesha kuingiza kichwa chote linatosha kwa kumweka safi. Akipata mahali pa kuoga atafurahi zaidi, lakini hilo ni ziada. Liweke beseni hilo mbali na mlango wa banda, juu ya kokoto au mchanga, na umwage maji kila siku kwenye migomba au mchicha. Wale wanaosema bata ni mchafu, mara nyingi uchafu ni wa mwenye nyumba: maji yamemwagika mahali pamoja mwezi mzima, pamekuwa tope, na tope limeoza.

Jambo la tatu ni chakula. Kifaranga mpe chakula cha vifaranga wa kuku kinachouzwa madukani, lakini umwambie muuzaji kwamba unataka kisichotiwa dawa ya kuzuia kuhara damu. Dawa hiyo imepimwa kwa kuku, na bata hula zaidi ya kuku. Kisha ongeza dagaa waliosagwa, wasio na chumvi nyingi, na mboga za majani zilizokatwa vipande vidogo. Kwa nini dagaa? Kwa sababu bata anahitaji vitamini iitwayo niasini kwa wingi kuliko kuku. Akiikosa, miguu inalegea, magoti yanavimba, na mwisho kifaranga hutembea kwa kujivuta. Ukiona dalili hiyo mapema, dagaa na pumba nzuri husaidia. Ukichelewa, mguu hauponi tena.

Kwa bata wanaotaga, mchanganyiko mmoja unaofaa kutengenezwa nyumbani ni huu. Kwa kila kilo 10, chukua mahindi ya kuparaza kilo 5, pumba laini za mpunga kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2, na dagaa kilo 1. Tia chumvi kidogo sana, na pembeni uweke chombo chenye chokaa ya mifugo ili ganda la yai liwe gumu. Bata mmoja mkubwa hula kama gramu 150 kwa siku, na akipata nafasi ya kuzunguka atajitafutia konokono, minyoo, panzi na majani, nawe utapunguza chakula cha ndani.

Ndugu msikilizaji, hapa naomba usogee karibu na redio, maana neno hili linahusu bata na linakuhusu wewe pia. Usimpe bata mahindi au karanga zenye ukungu. Kuna tabia tuliyo nayo: mahindi yakiharibika, tunayatenga, tunasema, "Haya ya kuku na bata." Katika mahindi hayo huweza kuwamo sumukuvu. Katika ndege wote wa nyumbani, kifaranga cha bata ni mmoja wa wanaodhurika upesi kabisa na sumu hiyo. Dunia ilianza kuijua sumukuvu vizuri mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika, na miaka hiyohiyo vifaranga wa bata walikufa Kenya na Uganda kwa sababu kama hiyo. Wala si habari ya ndege peke yao. Mwaka 2016, hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Kwa hiyo mahindi yasiyomfaa bata hayakufai wewe, na yasiyokufaa wewe hayamfai bata. Yafukiwe. Na mahindi mazuri yaanikwe juu ya turubai, yakauke barabara, ndipo yatiwe ghalani.

Sasa banda. Bata hahitaji jumba. Bata mkimbiaji hapandi kwenye kichanja kama kuku, analala chini. Mita moja ya mraba inawatosha bata watatu au wanne kulala. Sakafu iwe kavu, itandikwe maganda ya mpunga, maranda au nyasi kavu, na matandiko yabadilishwe kabla hayajaanza kunuka. Hewa ipite kwa juu, chini pazibwe. Kwa Mombo, kivuli ni muhimu kama ukuta: paa la nyasi au makuti ni bora kuliko bati tupu, na kama una bati, weka nyasi juu yake.

Mlango ufungwe kila jioni bila kukosa. Maadui ni wengi: nguchiro, kicheche, paka mwitu, mbwa wasiofungwa, na huku bondeni karibu na mifereji yuko kenge, ambaye hupenda mayai na vifaranga. Mchana mwewe na kunguru huwanyemelea wadogo. Kazi ya kufunga mlango mpe mtu mmoja anayejulikana. Kazi ikiwa ya wote, siku moja kila mtu atadhani mwenzake amefunga.

Asubuhi usiwafungulie mapema sana. Bata hutaga alfajiri na asubuhi. Ukiwafungulia saa moja, yai litatagwa mferejini. Wafungulie kama saa tatu, mayai yote utayakuta bandani. Yaokote, yafute yakiwa machafu, na uyapike mpaka yaive kabisa, ndani na nje. Yai la bata halifai kuliwa likiwa bichi au ute ute. Nalo ni kubwa, zito kwa ladha, na linafaa sana kwa maandazi na keki.

Namna ya kumshika pia inahitaji maarifa. Tumezoea kumning'iniza kuku kwa miguu. Bata usimfanyie hivyo, miguu yake ni dhaifu na huteguka au kuvunjika. Mzuie kwa taratibu shingoni au mabegani, kisha haraka mwingize mkono chini ya tumbo, umbebe ubavuni mwako mabawa yakiwa yamebanwa. Wafundisheni watoto hili kabla ya lolote jingine. Na wakishamshika, wanawe mikono kwa sabuni, wala wasimbusu mdomoni, hata kama ni rafiki yao.

Maana bata kweli huwa rafiki wa mtoto. Akilelewa tangu mdogo humfuata anayemlisha, huijua sauti yake, na anaweza kuishi miaka mingi, minane hata zaidi. Lakini usimfuge mmoja peke yake. Bata ni ndege wa kundi, akiwa peke yake hulia na kudhoofika. Wawe watatu au zaidi, na dume mmoja atosha kwa majike wanne hadi sita. Madume yakizidi huwachosha na kuwaumiza majike. Kwa bata mkimbiaji utamjua dume kwa sauti yake ya kukwaruza na unyoya wa mkiani uliojikunja, jike ndiye mwenye kelele. Na jambo jingine kwa wazazi: amueni mapema nani wa kutaga, nani wa kitoweo, na mtoto aambiwe mapema. Kumchinja bata mwenye jina siku ya wageni, mtoto akiwa shuleni, kunavunja imani ambayo haijengwi tena kwa urahisi.

Upande wa maradhi, bata ni mgumu kuliko kuku. Mdondo, ule unaofagia kuku wa kijiji kizima, mara nyingi haumuui. Lakini hapo pana mtego: anaweza kuubeba bila kuonyesha dalili, akawapa kuku. Kwa hiyo mwenye bata na kuku lazima achanje kuku wake. Iko chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwulize afisa mifugo wa kata yako. Hali kadhalika mafua ya ndege. Mwaka 2017 yalitokea Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ndege wa porini, kuku na bata wa nyumbani. Ukiona ndege wengi wamekufa kwa pamoja, bata au kuku au ndege wa porini, usiwachune, usiwauze, usiwatupe mferejini. Watoto wasiwaguse. Toa habari kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Tena, bata akionekana shingo imelegea na hawezi kuinua kichwa, huenda amekula kitu kilichooza pamoja na funza wake. Mwondoe mahali hapo, mpe maji safi, na fukia mizoga yote iliyo karibu.

Haya basi, sasa turudi kwenye swali la mama yetu wa Mombo.

Mama, usiwauze bado. Lakini usianze kwa kumlaumu jirani. Jirani ana haki. Kitalu cha mpunga ni miche ya shamba zima. Bata sita wakipita humo kwa nusu saa, wanakanyaga, wanang'oa, na msimu wa mtu unachelewa. Zamu ya maji haingoji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kwake wewe mwenyewe pamoja na binti, bila kungoja kuitwa, mkamwombe radhi. Kama miche imeharibika, mpeni mbegu au msaidieni siku ya kupandikiza. Neno "pole" likiwa na jembe mkononi husikika zaidi.

Hatua ya pili ni ua. Kama bata wako ni wakimbiaji, ua wa matete au fito wenye kimo cha kiunoni unatosha. Kama ni wa kienyeji, majike yataruka. Basi kata manyoya marefu ya bawa moja tu, si yote mawili, ili akijaribu kuruka apoteze mizani. Hayaumi, ni kama kukata ukucha, mradi usikate manyoya machanga yenye damu ndani. Yataota tena baada ya kubadilisha manyoya, ndipo utarudia.

Hatua ya tatu ni ratiba. Bata hawajui mpaka wa jaruba, lakini wanajua saa na wanajua sauti. Wakati wa vitalu na majuma ya mwanzo baada ya kupandikiza, wakae ndani ya ua. Wakati mwingine watoke na mchungaji, saa tatu asubuhi au jioni binti akitoka shule. Afanye kama wafanyavyo watu wa Java: fimbo ndefu, mwendo wa taratibu, na sauti ileile kila siku.

Hatua ya nne ndiyo itakayomfurahisha jirani. Bata anayeharibu kitalu ni bata huyohuyo anayeweza kupalilia jaruba, tofauti ni wakati tu. Kule Japani mkulima mmoja, Takao Furuno, alianza mwaka 1988 kuingiza vifaranga wa bata katika mpunga wake, na njia yake ikaenea nchi nyingi za Asia. Utaratibu ni huu. Mpunga upandikizwe kwa mistari. Ukishashika, yaani baada ya juma moja au mawili, huingizwa vifaranga wadogo wa majuma mawili hivi, 15 hadi 30 kwa kila robo ekari, ndani ya uzio, maji yakiwa ya kutosha kuogelea kidogo. Wao hula magugu machanga, wadudu na konokono, huchafua maji kwa miguu hata magugu yasiote, na samadi yao ni mbolea. Mpunga ukianza kutoa masuke, bata hutolewa mara moja, maana wakiachwa watakula punje. Sisemi mama aanze na shamba zima. Ajaribu na jirani kwenye jaruba moja, msimu mmoja, waone kwa macho yao.

Kuhusu konokono, liko jambo la kuangalia. Mwaka 2020 konokono mgeni kutoka Amerika ya Kusini aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya. Ni mkubwa, hula miche michanga, na hutaga mayai ya rangi ya waridi yaliyobandikwa juu ya mabua na kuta za mifereji. Bata humla akiwa mdogo. Ukiona mayai ya namna hiyo, mwite afisa kilimo haraka. Na wale konokono wadogo wanaobeba kichocho, bata hula baadhi yao, lakini hawamalizi. Asije mtu akasema, "Nina bata, kichocho basi." Mtoto anayechunga bata mferejini asioge humo, avae viatu vya mpira akiweza, na akikojoa damu apelekwe zahanati.

Tumalizie na neno sumu. Ndugu jirani, huenda nawe unasikiliza. Hasira yako tunaielewa. Lakini sumu haina macho. Nafaka iliyotiwa sumu uliyomtegea bata italiwa na njiwa, na kuku wako mwenyewe, na mbwa, na pengine mtoto atakayeokota bata aliyekufa akadhani ni bahati. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, yaliandikwa kati ya mwaka 2009 na 2010 mambo ya watu waliokuwa wakitega ndege wa porini kwa dawa ya kabofurani katika mashamba ya mpunga, kisha nyama ikauzwa kwa walaji. Fikiri mwenyewe nyama ya namna hiyo katika sufuria. Tena maji ya mfereji hayasimami kwako, yanakwenda kwa mwenzako aliye chini. Bata akiingia, mshike, mfungie, mwite mwenyewe. Asiposikia, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa viongozi wa umoja wa wamwagiliaji, ambao ndio wanaopanga zamu za maji na wanaweza pia kupanga zamu za bata: mwezi gani wafungwe, mwezi gani watoke, na mwenye kuvunja alipe nini.

Nawe mwenye bata, unapopulizia dawa mpunga wako, waambie majirani siku moja kabla. Soma maandishi ya chupa, ujue ni siku ngapi ndege na wanyama wakae mbali. Chupa tupu isigeuzwe kuwa chombo cha kunyweshea bata, hata ukiiosha mara kumi.

Kwa kifupi, ndugu msikilizaji, bata anataka mambo machache: pakavu pa kulala, maji ya kuzamisha kichwa, chakula kisicho na ukungu, mlango uliofungwa jioni, na mwenye kumwangalia. Mwenye bata naye anatakiwa jambo moja zaidi, nalo ni kujua majira ya mpunga wa wenzake.

Kama una swali juu ya bata, kuku au ndege wengine, lete barua, au mwone bwana shamba au bibi shamba aliye karibu nawe. Katika mazungumzo yajayo tutaeleza namna ya kukausha na kuhifadhi mpunga baada ya mavuno, ili panya na ukungu wasiwe wa kwanza kula. Mpaka hapo, kazi njema, na kwaherini.